Alton: Bwawa Lililojengwa Juu ya Mchanga

Mwaka 1938 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilikamilisha Bwawa Namba 26 kwenye mto Mississippi, pale Alton, jimbo la Illinois. Shabaha ilikuwa kina cha maji kisipungue futi 9, matishari ya nafaka yapite hata maji ya mto yanapopungua. Msingi haukufika kwenye mwamba. Zege lilikalia nguzo za mbao zilizopigiliwa mchangani.

Kando yake kulikuwa na vyumba viwili vya kupandishia na kushushia vyombo. Chombo kikishaingia, milango hufungwa, maji ya upande wa juu huachiwa yajae yenyewe bila pampu, nacho kikapanda. Lakini chumba kikubwa kilikuwa na urefu wa meta 183 tu, na msafara wa matishari 15 pamoja na meli inayoyasukuma hufikia meta 350 hivi. Mabaharia walifungua nyaya zilizounganisha matishari, wakapitisha nusu, wakarudia nusu ya pili, kisha wakafunga upya, huku wengine wakisubiri foleni.

Chini kwa chini, mkondo ulikuwa ukichota mchanga, na kuta zikasogea. Wahandisi walipotaka kujenga bwawa jipya, kampuni za reli na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani mwaka 1974, na kazi ikazuiwa. Walikuwa na hoja nzito: matishari yalitumia mto bila kulipa ushuru. Hata hivyo inasikitisha kwamba ugomvi wa fedha na ukubwa wa bwawa hilo jipya ulichukua miaka, na msingi wenyewe ukangoja. Mwaka 1978 Bunge liliidhinisha ujenzi, likaweka na kodi ya mafuta ya vyombo hivyo, senti 4 kwa galoni kuanzia 1980.

Bwawa jipya, lililopewa jina la mbunge Melvin Price, lilifungua chumba chake cha meta 366 mwaka 1990, kilomita 3 hivi chini ya lile la zamani, ambalo lilibomolewa. Sasa msafara mzima wenye upana wa meta 32 huingia kwenye chumba cha meta 33.5. Nahodha hana hata meta moja ya kukosea kila upande.

Mchanga haukwisha, lakini. Mwaka 2009 ilibainika kuwa maji yanayozuiwa na bwawa jipya yalikuwa yakipenya chini ya tuta la kuzuia mafuriko la Wood River. Hapo mkaguzi hutazama rangi ya maji yanayochomoza nyuma ya tuta. Yakiwa maangavu, huendelea kuyafuatilia; yakitoka na mchanga, ardhi inaliwa, na chemchemi hiyo huzungushiwa magunia ya mchanga mara moja.