Stesheni Chini, Mji Juu

Sisi watu wa Shinyanga milima hatuijui. Kwetu ni mbuga, majabali na vumbi la pamba. Kwa hiyo marehemu babu alipotusimulia mji wa Wazungu ulio juu mawinguni, sisi wajukuu tulicheka. "Babu anatufunga kamba," tulisema.

Babu alikuwa manamba. Miaka ya 1950 alipanda garimoshi hapo hapo stesheni ya Shinyanga, akaenda kukata mkonge Tanga. Enzi hizo Reli ya Kati na ile ya Tanga hazijakutana. Njia ya kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ilikuja 1963. Basi wakateremshwa njiani, wakapakiwa kwenye malori hadi Korogwe. Kila mtu na kipande chake: siku 30 za kazi zitimie, ndipo mshahara.

Mji wenyewe ni Lushoto, milimani Usambara, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Joto la pwani likiwashinda, wakubwa wa serikali walikimbilia huko kupunga upepo.

Reli yao ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Lakini mlima ule si mchezo, garimoshi halikupanda. Stesheni ya mji wa baridi ikabaki Mombo, kwenye joto, na abiria akabakiwa na kilometa 30 na ushei za kupandisha, mizigo vichwani mwa wapagazi. Ajabu ni kwamba magogo yalipata usafiri! Wajerumani walifunga waya kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, mitarakwa ikateremka ikining'inia mpaka relini.

Nilipomaliza kidato cha nne nilimwuliza babu: mbona hukupanda ukauone?

"Nipande saa ngapi, mjukuu wangu? Kipande hakijajaa."

Miaka mitatu aliutazama ule mlima kutoka shambani, asiupande.

Mwaka juzi nilishuka basi Mombo. Nikaiangalia stesheni. Treni ya abiria, iliyosimama tangu miaka ya 1990, ilirudi njia hiyo Desemba 2019. Kisha nikapanda daladala, kona baada ya kona, hadi Lushoto. Baridi kweli! Akina mama wanauza peasi na plamu, na majengo ya Mjerumani bado yapo.

Kesho yake nilikwenda Irente, pale ukingoni. Chini kabisa nikaona mistari ya mkonge, imenyooka kama daftari. Nikasimama kimya. Vitabu vya shule vilinifundisha nani aliujenga mji huu. Waliokuwa kule chini, kwenye mistari ile, sikuwasoma popote.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Babu, nisamehe. Hukutufunga kamba.