Mama mboga alitangulia, ‘isiyo rasmi’ ikafuata

KATIKA ripoti za serikali na taarifa za habari, mama mboga, muuza mitumba na mpishi wa kibandani hutiwa kapu moja: ‘sekta isiyo rasmi’. Nashikilia kwamba istilahi hii inapotosha historia.

Kwanza, ni istilahi changa. Mwanaanthropolojia Keith Hart aliizungumzia dhana hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoeleza maisha ya maskini wa Accra, Ghana. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya, ya 1972, ikaieneza. Sisi tulitafsiri tu.

Biashara yenyewe ilikuwapo kitambo. Utafiti wa Janet Bujra uliochapishwa 1975 unaonyesha kwamba Nairobi ilipokuwa changa, kuna wanawake waliouza pombe waliyoitengeneza wenyewe, wengine wakauza miili, kisha wakamiliki nyumba Pumwani. Naye mwanahistoria Claire Robertson ameandika kuhusu wanawake waliochuuza maharagwe na mboga Nairobi na viungani mwake tangu enzi ya ukoloni.

Tazama sasa kikanushi ‘-si-’ katika ‘isiyo’. Kinaitaja kazi kwa inachokosa. Linganisha na majina yaliyozuka mtaani. ‘Mama mboga’ hutaja bidhaa. ‘Mama ntilie’ wa Tanzania limetokana na agizo la mteja, ‘nitilie’, yaani nipakulie. ‘Jua kali’ hutaja mazingira ya kazi, na serikali yetu ililikubali katika waraka wake wa sera wa 1992 kuhusu biashara ndogo.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Mama mboga wengi hulipa ada ya kaunti kila siku, wakakatiwa risiti. Je, pesa zao ni rasmi ila kazi yao si rasmi? Kanjo wakija kumwaga sukumawiki, neno hilo huwa limeshawapa kisingizio.

Kiswahili kina ‘uchuuzi’ na ‘mchuuzi’, maneno yasiyomdunisha yeyote. Napendekeza tuyatumie katika sera, madarasani na magazetini. Anayemwita mama huyu mchuuzi atauliza anahitaji nini ili auze vyema: paa, maji, choo, taa za usiku. Anayemwita ‘asiye rasmi’ atauliza tu nani alimruhusu kukaa pale.