Watu wanaocheza vita vya zamani



Leo nawaeleza jambo ambalo wengi watalishangaa. Kuna watu duniani ambao hawakukimbia vita hata siku moja, na siku ya mapumziko huvaa nguo za askari wa kale, huchukua bunduki za kale, na kwenda shambani kupigana vita vilivyokwisha kabla babu zao hawajazaliwa. Hawalipwi. Ni wao wanaolipa: nguo za sufu, viatu, bunduki, vyote pamoja vinaweza kupita dola 1,000. Wengine hununua tiketi waje kutazama pamoja na watoto wao. Wewe uliyelala porini ukisikia risasi za kweli, utasema hawa wana wazimu. Ngoja kwanza. Ndani ya mchezo huu mna mambo yanayotuhusu, hasa ninyi mashefu mnaoombwa kila mara kutayarisha teatre ya amani mbele ya watu wa pande mbili.

Mchezo huu una nguvu sana Marekani. Inchi ile ilipigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1861 hadi 1865, Kaskazini na Kusini, na askari zaidi ya 600,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Kusini walijitenga kwa sababu walitaka kuendelea kuwatumikisha watu weusi kama watumwa. Sababu hiyo ishikeni vizuri, maana mtaiona ikipotea.

Mwaka 1998, karibu na mji wa Gettysburg, walikusanyika wachezaji zaidi ya 15,000. Watu hawa hulala katika hema, hutafuna biskuti ngumu za unga na maji kama askari wa wakati ule, na walio wakali zaidi hukataa hata nguo iliyoshonwa kwa mashine. Bunduki hutiwa baruti bila risasi. Basi nani afe? Wengine hupatana kabla, wengine kila mtu hujiamulia. Wenyewe hutaniana kwamba siku ya jua kali, maiti wengi huangukia penye kivuli. Mwishoni wafu wote huamka, na watazamaji hupiga makofi.

Tamaa ya kutazama vita si ya leo. Tarehe 21 Julai 1861, mapigano makubwa ya kwanza ya vita vile yalipofanyika karibu na Manassas, katika jimbo la Virginia, raia wa Washington walikwenda kuyatazama na magari ya farasi na vikapu vya chakula. Hata wabunge walikuwamo. Wengi waliwaza kwamba mambo yatakwisha upesi. Kaskazini wakashindwa, na askari na watazamaji wakakimbia katika njia moja. Ninyi mnajua barabara ya namna ile.

Miaka 100 baadaye, Julai 1961, mapigano hayo yaliigwa mahali palepale mbele ya watu maelfu na maelfu. Baada ya hapo idara ya serikali inayotunza viwanja hivyo ilikataa: katika ardhi yake watu wasipange tena mistari miwili, wakapigiana baruti na kuanguka kwa mchezo pale walipoanguka watu wa kweli. Ndiyo maana michezo hii hufanywa katika mashamba ya watu binafsi. Mimi naona walifanya vema.

Lakini mwigo unaonigusa zaidi si wa vijana hao. Ni wa wazee.

Mapigano ya Gettysburg yalidumu siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, na hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea ilifika 50,000 hivi. Siku ya tatu, askari 12,500 hivi wa Kusini walivuka uwanja mtupu kuuelekea ukuta mfupi wa mawe uliokuwa mikononi mwa Kaskazini. Karibu nusu yao hawakurudi salama. Julai 1913, baada ya miaka 50, askari wazee zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili walirudi mahali pale na kukaa pamoja katika kambi kubwa ya mahema. Tarehe 3, mamia machache kati yao walirudia jambo lile. Wazee wa Kusini walitembea polepole kuelekea ukuta, na wenzao wa Kaskazini waliwangojea upande wa pili. Walipofikiana, walipeana mikono juu ya mawe. Picha zilipigwa, na hata leo zinaonyeshwa.

Redio ya amani ingependa kuishia hapo. Mimi siwezi. Katika jeshi la Kaskazini walipigana askari weusi karibu 180,000. Katika kambi ile ya 1913, watu weusi walioonekana walikuwa hasa wafanyakazi: wapishi, wachimbaji, wagawaji wa blanketi. Tarehe 4 Julai, Rais Woodrow Wilson alihutubia, akasifu ushujaa wa pande mbili na kusema ugomvi umesahauliwa. Utumwa hakuutaja. Na mwaka uleule serikali yake ilikuwa ikiwatenga wafanyakazi weusi na weupe katika ofisi zake. Ulikuwa upatanisho, sikatai, lakini wa watu wawili katika ugomvi wa watu watatu. Wa tatu alikuwa nyuma, amebeba sahani.

Basi shefu, unapogawa nafasi za teatre yako, usihesabu tu kama kila kabila limepata mchezaji. Uliza ni habari ya nani ambayo pande zote mbili zimepatana kuinyamazia. Na uangalie pia kijana unayempa nafasi ya mchoma nyumba: mchezo ukiisha, wengine wanaweza kuendelea kumwita hivyo.

Wa tatu huyo naye amechukua nafasi yake baadaye. Januari 1811, katika mashamba ya miwa ya Louisiana, watumwa mamia kadhaa waliinuka, wakiongozwa na Charles Deslondes, wakaelekea New Orleans. Walizuiwa na kuuawa, na vichwa vyao vikatundikwa juu ya miti kando ya mto Mississippi. Novemba 2019, msanii Dread Scott alikusanya mamia ya watu weusi, wakaitembea njia ile siku mbili, kwa nguo za wakati ule, wengine juu ya farasi, wakipita kando ya viwanda vilivyojengwa mahali pa mashamba. Vichwa juu ya miti hawakuviigiza. Walimalizia kwa furaha New Orleans, kwenye uwanja ambapo zamani watumwa waliruhusiwa kucheza ngoma siku ya Mungu. Uwanja huo unaitwa kwa jina la inchi yetu: Congo Square.

Na Uingereza, tarehe 18 Juni 1984, polisi na wafanyakazi wa migodi ya makaa waliogoma walipigana vikali mahali panapoitwa Orgreave. Watu 95 walishtakiwa, na kesi zao zikaanguka mahakamani. Mwaka 2001 msanii Jeremy Deller aliirudisha siku ile kwa wachezaji wa vita vya zamani karibu 800 na wenyeji zaidi ya 200 waliokuwapo au walioguswa. Wengine waliokuwa wagomaji walivaa nguo za polisi, wakaiona siku ile kutoka upande wa pili wa ngao. Hakuna aliyeambiwa kwamba kwa kucheza hivyo ugomvi umekwisha. Waliendelea kudai ukweli, mpaka mwaka 2025 serikali ikatangaza uchunguzi rasmi, miaka 41 baada ya siku yenyewe.