Umbali wa baiskeli katika kuchagua makazi

Umbali wa baiskeli katika kuchagua makazi ni kipimo anachotumia mtu anayetafuta nyumba ya kupanga au kiwanja cha kujenga, ili aweze kufika kazini kwa baiskeli kila siku bila kuchoka kupita kiasi na bila kupoteza muda mwingi. Kwa watu wengi umbali huo ni kati ya kilomita 3 na 8 kwa kwenda tu. Chini ya hapo miguu hutosha. Juu ya hapo wengi huanza kwa bidii wiki ya kwanza, na wiki ya tatu huonekana tena kituoni wakisubiri daladala.

Suala hili hutajwa katika jiografia ya miji na katika uchumi, lakini kwa mpangaji wa kawaida ni suala la mfuko wake. Kodi ya nyumba na nauli ni gharama mbili zinazokwenda pamoja, na anayetazama moja tu hulipa nyingine bila kutarajia.

Hesabu ya duara

Mtu mzima hutembea takriban kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli ya kawaida, bila kukimbizana na mtu, huenda takriban kilomita 15 kwa saa. Kwa nusu saa, basi, mtembea kwa miguu hufika kilomita 2.5 na mwendesha baiskeli kilomita 7.5.

Tofauti inaonekana ya mara tatu, lakini nyumba hazijapangwa kwenye mstari mmoja. Zimetapakaa pande zote za mahali pa kazi. Eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake. Duara la mtembea kwa miguu lina karibu kilomita za mraba 20, na la mwendesha baiskeli karibu 177, yaani mara tisa. Mwenye baiskeli ana eneo kubwa mara tisa la kutafutia chumba.

Hesabu hiyo ni ya ramani tupu. Barabara hazinyooki kama rula. Katika mji wenye mitaa iliyokatana kwa pembe mraba, anayekwenda upande wa mshazari hulazimika kusafiri hadi mara 1.41 ya umbali ulionyooka, na eneo analoweza kulifikia hupungua hadi kama asilimia 64 ya duara zima. Mto, reli isiyo na kivuko au uzio wa kiwanda hupunguza zaidi. Kwa sababu hiyo umbali hupimwa kwa njia inayopitika, si kwa kuweka kidole kwenye ramani.

Upepo na mwinuko navyo vina hesabu yake. Nguvu inayohitajika kushinda upinzani wa hewa huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo anayetaka kufidia umbali kwa kukanyaga pedeli haraka zaidi hutoka jasho jingi kwa faida ndogo. Mlima wa kilomita moja unaweza kuchosha kuliko tambarare ya kilomita tatu.

Asili yake

Kabla ya vyombo vya usafiri wa bei nafuu, mfanyakazi aliishi pale miguu yake ilipoweza kumfikisha. Miji mingi ya zamani ilikuwa midogo kwa sababu hiyo. Baiskeli ya kisasa yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma ilipata umbo lake mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake iitwayo Rover huko Coventry, Uingereza. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili tairi lake la upepo. Bei iliposhuka na baiskeli kuukuu zikaanza kuuzwa, mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuishi kitongoji kingine na kuwahi king'ora cha asubuhi.

Wachumi walikuja na maelezo baadaye. William Alonso, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mahali na matumizi ya ardhi, alieleza jinsi bei ya ardhi inavyoshuka kadiri mtu anavyokwenda mbali na kitovu cha mji, kwa sababu akaaye mbali hulipia usafiri. Wazo la msingi alilikuta kwa Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani aliyeandika mwaka 1826 kuhusu mashamba yanayozunguka soko. Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitalia Cesare Marchetti, akijenga juu ya kazi ya Yacov Zahavi, alidai kwamba binadamu wa nyakati zote hutumia wastani wa karibu saa moja kwa siku katika kusafiri. Chombo kikiwa cha kasi zaidi, watu hawabaki na muda mwingi zaidi nyumbani. Huhamia mbali zaidi. Dai hilo lina wapinzani, ila nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi imebaki kuwa kipimo kinachotumika sana.

Kodi na nauli

Tuseme mfanyakazi amepata chumba pembezoni mwa jiji ambacho kodi yake kwa mwezi ni pungufu kwa shilingi 40,000 kuliko chumba kilicho karibu na kazi. Kutoka huko hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi 600. Kwa siku ni shilingi 2,400, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 62,400. Chumba cha bei nafuu kimemtia hasara ya shilingi 22,400 kila mwezi, kabla ya kuhesabu saa alizosimama kituoni.

Kama chumba kilicho karibu kiko kilomita 7 kutoka kazini, kwa baiskeli atasafiri kilomita 364 kwa mwezi. Matengenezo hayakosekani: pancha, tyubu, vipande vya breki, mnyororo unaolegea, spoki zinazokatika. Lakini fundi baiskeli yupo karibu kila mtaa, na gharama hizo hazifiki nauli ya mwezi isipokuwa baiskeli yenyewe iwe mbovu tangu kununuliwa. Hatari kubwa zaidi kwa mfuko ni wizi. Mahali pa kazi pasipo pa kufungia baiskeli panapoteza nusu ya faida yote.

Kosa la kuchagua vibaya ni zito zaidi katika Tanzania kwa sababu ya desturi ya kodi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mpangaji akigundua siku ya tano kwamba njia haipitiki kwa baiskeli, fedha zimekwisha kulipwa. Ndiyo maana ni busara kuiendesha njia hiyo kabla ya kutoa fedha, tena kwa saa ileile ya kwenda kazini na siku ya kazi. Jumapili mchana barabara zote ni nzuri. Maneno ya dalali kwamba "ni hapo tu" hayapimi kitu.

Afrika Mashariki

Mji wa Tanga ni mfano mzuri kuliko mingi katika pwani. Ulikua pamoja na bandari, mkonge na reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1893. Ardhi yake ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani ilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Bandari, soko, ofisi na shule haziko mbali na makazi kama Makorora, Chumbageni na Mabawa. Kwa hiyo Tanga imejulikana kwa muda mrefu kuwa mji wa baiskeli. Anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Pongwe, nje ya mji, ana hesabu tofauti: akikaa mjini safari yake ni ndefu, akikaa Pongwe ni watoto na soko vinavyokuwa mbali.

Dar es Salaam ni hadithi nyingine. Njia kuu ya mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, ina urefu wa kilomita 16 hivi. Kwa baiskeli ni zaidi ya saa moja katika joto la pwani, na masika huongeza matope. Akaaye Kimara na kufanya kazi Posta yuko nje ya duara. Lakini jiji hili halina kitovu kimoja tu cha kazi, jambo linalosahauliwa mara nyingi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipojengwa Ubungo miaka ya 1960, Manzese na Mabibo vilikuwa karibu kiasi cha kutosha kwa baiskeli au hata miguu. Vivyo hivyo Buguruni, Vingunguti na Kiwalani kwa viwanda vya Barabara ya Nyerere. Kikwazo kinachojulikana ni bonde la Msimbazi: mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, na umbali wa ramani hauna maana tena.

Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi hayo. Sehemu nyingine zimegeuka meza za biashara ndogondogo na maegesho ya bodaboda. Huwezi kumlaumu muuza nazi peke yake, lakini mwendesha baiskeli anayesukumwa kwenye lami pamoja na malori ndiye anayeumia.

Nairobi, hali ya hewa ya baridi kutokana na mwinuko husaidia. Serikali ya kikoloni na shirika la reli walijenga mitaa ya wafanyakazi wa Kiafrika upande wa mashariki wa mji, kama vile Makongeni na Kaloleni, karibu na reli na eneo la viwanda. Lengo halikuwa raha ya mfanyakazi bali kazi ifanyike, na mpango wenyewe ulifuata ubaguzi wa rangi. Umbali mfupi ulikuwa matokeo tu. Hadi leo baiskeli nzito nyeusi zinazoitwa "bleki mamba" huonekana alfajiri zikielekea viwandani. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini.

Nchi nyingine

Nchini Uholanzi zaidi ya robo ya safari zote hufanywa kwa baiskeli. Wapangaji wa miji huko wamezoea kuhesabu kilomita 7.5 kama umbali wa kawaida wa baiskeli. Mji wa Houten, karibu na Utrecht, ulipanuliwa kwa mpango unaopeleka magari kwenye barabara ya mzunguko wa nje huku baiskeli zikikata moja kwa moja hadi stesheni. Huko, anayefanya kazi mji mwingine huchagua nyumba kwa umbali wa baiskeli hadi treni. Nchini Denmark, njia ndefu ya kwanza ya baiskeli kutoka Copenhagen hadi Albertslund ilifunguliwa mwaka 2012.

Kaya yenye wafanyakazi wawili

Hesabu ya duara moja humfaa mtu asiye na familia. Mume na mke wakifanya kazi sehemu mbili, madaraka yanakuwa mawili ya umbali, na nyumba inayowafaa wote iko pale duara hizo zinapopishana. Zikiwa hazigusani, mmoja atapanda basi. Mara nyingi mke ndiye mwenye safari za kuunganisha: shule, kliniki ya mtoto, soko, kisha kazi. Tena kuna sehemu ambako mwanamke juu ya baiskeli bado hutazamwa vibaya, na wafanyakazi wa zamu ya usiku, wanawake kwa wanaume, huiogopa njia isiyo na taa hata ikiwa fupi.

Baiskeli ya umeme

Baiskeli yenye mota ndogo ya kusaidia pedeli huongeza umbali unaofaa hadi kilomita 15 hivi na kupunguza adhabu ya mlima. Katika Umoja wa Ulaya, ili ihesabiwe kuwa baiskeli tu, mota haitakiwi kuzidi wati 250 na husita kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Bei yake ni mara kadhaa ya baiskeli ya kawaida, na betri huhitaji mahali salama pa kuchaji. Kwa mpangaji wa chumba kimoja anayechangia luku na wapangaji wenzake, huo ni mjadala wa kumaliza na mwenye nyumba kabla ya kuhamia.