Kombe la 1967 Halikuwa la Mezani

Kila orodha ya mabingwa wa soka Afrika inapochapishwa, TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, huandikiwa mataji matano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na hawakosekani wanaotaka lile la kwanza litiwe alama ya kuuliza. Ushindi wa mezani, wanasema: mpinzani hakufika uwanjani, basi kombe likakabidhiwa. Dai hili nalipinga, kwa kuwa linaidhulumu timu iliyofika fainali nne za Afrika mfululizo.

Asili ya klabu inajulikana. Mwaka 1939 wamonaki Wabenediktini wa Elisabethville waliwaundia wanafunzi wao timu, ikaitwa Saint-Georges, baadaye Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi ya Liège, Ubelgiji, kabla ya kuwa Mazembe. Mwaka 1966, jiji lilipopewa jina la Lubumbashi, Englebert walimaliza ligi wakiwa mabingwa bila kupoteza mchezo. Ndipo wakajiongezea sifa ya Tout Puissant (TP), mwenye nguvu zote.

Msimu uliofuata uliangukia mwaka mzito. Januari 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, kampuni ya shaba iliyolibeba jimbo zima la Katanga, ambako Lubumbashi ipo. Mwisho wa Juni ndege aliyopanda Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga, ilitekwa na kupelekwa Algeria. Mamluki wa Jean Schramme, waliomwasi Mobutu, waliishika Bukavu, mashariki mwa nchi, kuanzia Agosti hadi mapema Novemba. Katika Novemba hiyohiyo, vijana wa Lubumbashi walikwenda Kumasi, Ghana, kucheza fainali ya Klabu Bingwa Afrika na Asante Kotoko ya nyota Osei Kofi.

Walitoka sare ya 1-1 kwenye uwanja wa wenyeji. Anayetaka kuijua timu hii aanzie hapo. Ghana ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili mfululizo, 1963 na 1965, na kombe lenyewe la klabu lilikuwa limetolewa na Kwame Nkrumah, aliyekuwa rais wa Ghana. Kwa Kotoko, kulichukua kungekuwa kama kurudisha mali nyumbani.

Marudiano hayakuchezwa Lubumbashi. Yalichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Katanga, katika mji wa Kilingala, miaka michache tu baada ya Katanga kujitenga na kurudishwa kwa nguvu. Wanaosema Englebert walibebwa na uwanja wa nyumbani hawajaitazama ramani. Mchezo uliisha 2-2, jumla ikawa 3-3.

Hapa ndipo ubishi unapokolea. Sheria za soka zilikuwa bado hazijaruhusu mikwaju ya penalti kuamua mshindi. Iliruhusiwa mwaka 1970. Upande wa Kotoko wana hoja moja ninayoiheshimu: kwa kanuni ya bao la ugenini, mabao yao mawili ya Kinshasa yangewapa kombe. Ni kweli. Lakini kanuni hiyo, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 1965, haikuiamua fainali hii, na timu haihukumiwi kwa sheria ambayo haikucheza chini yake. Shirikisho la Afrika liliamuru mchezo wa tatu, Yaoundé, mwezi Desemba. Kotoko hawakutokea. Chama cha soka cha Ghana hakikuwa kimewafikishia taarifa.

Wachezaji wa Kotoko nawahurumia kwa dhati. Walikuwa na timu iliyostahili kucheza dakika hizo 90, wakanyimwa na watu wao wenyewe. Ila huruma hiyo haigeuki kuwa lawama kwa Englebert. Aliyewekewa siku na uwanja, na hakuvunja kanuni yoyote, hana la kujibu.

Wanaosema kwamba Englebert wangefungwa Yaoundé wanabahatisha tu, na nisingependa kubahatisha nao. Lakini wiki chache baadaye, Januari 1968, Kongo-Kinshasa waliifunga Ghana 1-0 Addis Ababa katika fainali ya Kombe la Mataifa. Bao lilifungwa na Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert. Langoni alikuwa Robert Kazadi, wa Englebert vilevile.

Na klabu haikuishia hapo. Katika fainali ya 1968 waliichapa Étoile Filante ya Togo 5-0 Kinshasa, wakapoteza 4-1 ugenini na kubaki na kombe. Wakawa wa kwanza kulitetea, jambo lililokosa wa kulirudia hadi Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Fainali ya 1969 waliipoteza kwa Ismaily ya Misri. Ile ya 1970 iliwakutanisha tena na Kotoko, sare ya 1-1 Kumasi, kisha Waghana wakashinda 2-1 Kinshasa. Ushindi huo ulikuwa mkubwa na wa haki, lakini wapo wanaoutumia kama hukumu ya kuchelewa dhidi ya 1967. Kikosi kilichoshinda miaka mitatu baadaye hakiwezi kuucheza mchezo ambao haukuchezwa.

Kotoko wana mataji mawili, la 1970 na la 1983. Pengine walistahili nafasi ya kupigania la tatu. Hesabu hiyo ni kati yao na viongozi wa Accra wa Desemba 1967, na Lubumbashi haidaiwi kitu.