Kosa la kukadiria katika logarithimu

Kosa la kukadiria katika logarithimu ni tofauti ndogo kati ya jibu halisi la logarithimu na jibu linalotolewa na kompyuta. Katika lugha ya Python, math.log(1000, 10) hutoa 2.9999999999999996 badala ya 3. Programu ikikata desimali ili kupata namba nzima, hupata 2, na hapo ndipo madhara huanza: anayehesabu tarakimu za namba kwa njia hiyo atapungukiwa na moja.

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya anaweza kuliona jambo hili bila kompyuta. Jedwali la tarakimu nne lina logi ya 2 kuwa 0.3010. Zidisha kwa 3, upate 0.9030, lakini jedwali hilohilo huandika logi ya 8 kuwa 0.9031. Jedwali halijakosea. Kila thamani imekadiriwa peke yake.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa biti 53 za tarakimu, kulingana na kanuni ya IEEE 754, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1985. Python hukokotoa logi asilia ya 1000 na ya 10, hukadiria kila moja, kisha hugawanya na kukadiria tena. Kwa kizio cha 10, math.log10 hutoa 3.0 kamili. Kwa vizio vingine, kama logi ya 125 katika kizio cha 5 inayotoka 3.0000000000000004, ni salama zaidi kukadiria jibu kwenye namba nzima iliyo karibu, kisha kulihakiki kwa kupandisha kipeo.