Mzigo wa Barua: Habari za Posta katika Milima ya Upare

Katika yubile watu hukumbuka makanisa na shule zilizojengwa kwa mawe. Walakini kiko kitu kidogo kilichounganisha milima yetu na ulimwengu, nacho ni barua. Ni vema tujue jinsi bei yake ilivyopimwa, kwa maana katika bei hiyo huonekana ni nani atakayechukua mzigo: aliyeandika, au aliyeandikiwa.

Hapo kale, katika nchi ya Uingereza, barua ilitozwa kwa urefu wa njia na kwa hesabu ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe, wakaitia lakiri, wakaandika jina kwa nje. Maskini waliokosa fedha walikataa hata barua za jamaa zao. Mwaka 1837 Rowland Hill alitoa shauri kwamba mpelekaji alipe kwanza, bei iwe moja nchini kote, nayo ifuate uzito. Shauri likakubaliwa, na mwezi wa Mei 1840 ikatoka stempu ya peni moja, kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani kama gramu 14. Tangu hapo bahasha haikuogopwa tena.

Kwetu, Wadachi walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Stempu zao ziliandikwa pesa, na tangu mwaka 1905 heller, ambazo kwazo tumepata neno letu hela. Barua ya gramu 20 ililipiwa heller 7½, nayo kwa bei hiyo iliweza kufika hata Udachi. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Shigatini mwaka 1900, reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa ingali mbali, na kila kitu kilipanda mlima kwa miguu ya watu. Mwaka 1911 reli ikafika Moshi, ikipita Same, Lembeni na Kisangara chini ya milima yetu.

Wakati wa Waingereza, stempu za mwaka 1922 zilikuwa na kichwa cha twiga. Na za mwaka 1935, za Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, moja ya senti 15 ilionyesha Kilimanjaro. Mwaka 1931 ndege zilianza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza. Hapo uzito ukawa jambo kubwa zaidi, na watu wakachagua karatasi nyembamba na bahasha nyepesi. Baadaye ikaja barua ya ndege, karatasi moja inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, wala hairuhusiwi kutiwa kitu ndani.

Huku vijijini barua haziletwi mlangoni. Kwa miaka mingi zilifika katika sanduku la posta la shule au la kanisa, na majina yakasomwa mbele ya watu baada ya ibada. Mama akisikia jina lake alifurahi, kwa kuwa mwanawe aliye katika mashamba ya mkonge ya Tanga hakumsahau. Lakini barua iliyopungukiwa stempu ilipigwa chapa ya T, na mpokeaji alitozwa mara mbili ya upungufu. Hiyo ilikuwa kanuni ya Umoja wa Posta wa Ulimwengu, ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Basi kosa la mwandikaji lililipwa na mama.

Walimu wawafundishe watoto hesabu hii. Karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5, na bahasha ndogo ni karibu kama hiyo. Basi karatasi tatu pamoja na bahasha yake hufikia gramu 20, ambayo ndiyo daraja ya kwanza ya bei katika posta za nchi nyingi. Ukizidisha karatasi ya nne, au ukichukua bahasha kubwa isiyo na haja, waweza kuingia daraja ya pili. Mwenye shaka na aipeleke barua dirishani ipimwe, kabla ya kubandika stempu.

Wazee walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika asiuone mwepesi mzigo atakaoubeba mwingine. Na aulipe yeye kwanza.